Maswali ya Wasomaji: Kitabu cha Pili Kinapoufuta Ufumbuzi wa Kwanza

SWALI: Mhariri mpendwa, shikamoo. Nina umri wa miaka 17, na nimependa riwaya za upelelezi tangu nilipokuwa shule ya msingi. Nakuandikia kwa sababu nimemaliza kitabu cha pili cha riwaya moja ya vijana nikiwa na hasira, na rafiki yangu anasema hasira hiyo haina msingi. Jina la riwaya nimekuandikia kwenye karatasi ya pili, lakini naomba usilichapishe, maana itanibidi niueleze mwisho wake na sitaki kuwaharibia wengine.

Katika kitabu cha kwanza, msichana wa miaka 16 anayesoma shule ya bweni anachunguza moto ulioteketeza maktaba ya shule na kumuua mlinzi wa usiku. Mwishoni anamfichua mwalimu wa historia, ambaye aliwaambia polisi kwamba aliamshwa na kengele ya hatari, ilhali kengele hiyo ilikuwa mbovu tangu wiki iliyotangulia. Ubovu huo ulitajwa katika sura ya pili kwa sentensi moja tu, nami niliipita bila kuishtukia. Niliporudi nyuma na kuikuta pale pale ilipokuwa, nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia kitabu chochote.

Kitabu cha pili kinaanza kwa barua ya mwalimu huyo kutoka gerezani, na tukifika sura ya 31 tunaambiwa kwamba hakuwa na hatia. Alikuwa akimkinga mtu, na aliyewasha moto ni dada wa mkuu wa shule, mwanamke ambaye sikumbuki kumwona popote kabla ya hapo. Naona nimeporwa. Kama mwalimu hakufanya, basi furaha yangu ya kitabu cha kwanza ilikuwa ya uongo. Isitoshe, msichana mwenyewe amebadilika: halali usingizi, anamfokea rafiki yake wa pekee, na kurasa nyingi zinahusu majonzi yake badala ya uchunguzi. Tena kitabu kimekwisha bila kuniambia ni nani anayempelekea vikaratasi vya vitisho. Katika klabu yetu ya usomaji nilikipa nyota 2 kati ya 5. Je, nimekionea? Na mtu aupime vipi mwendelezo wa riwaya ya namna hii?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimevisoma vitabu vyote viwili kwa ajili ya barua yako, na cha pili nimekisoma mara mbili. Naona umekionea katika mambo mawili, lakini katika jambo moja umekisamehe bila kujua, kwa sababu kosa lake kubwa kuliko yote hukuligusa.

Tuanze na lililokuuma zaidi. Ni kweli kwamba riwaya ya upelelezi hubeba mwisho wake kwa namna isiyofanana na riwaya nyingine. Katika hadithi ya mapenzi au ya vita, mwisho ni mahali msomaji anapofikishwa. Katika hadithi ya fumbo, mwisho ndio unaozipa maana sentensi zote zilizotangulia, ikiwemo ile ya kengele mbovu ambayo ulipoisoma mara ya kwanza haikuwa na maana yoyote kwako. Kwa hiyo mwandishi anayeugusa ufumbuzi wake wa zamani anakigusa kitabu kizima, ukurasa kwa ukurasa, na msomaji aliyekipenda ana kila sababu ya kushtuka. Hapo niko pamoja nawe.

Lakini kuugusa si lazima iwe kuuharibu. Mfano mashuhuri kuliko yote ni wa Arthur Conan Doyle, ambaye mwezi Desemba 1893 alichapisha hadithi ambayo mpelelezi wake Sherlock Holmes anatoweka pamoja na adui yake kwenye maporomoko ya Reichenbach, nchini Uswisi. Doyle alikuwa amedhamiria kuachana naye kabisa. Mwaka 1903 alimrudisha akiwa hai, na jambo hilo liliwezekana bila kubadilisha hata neno moja la hadithi ya kwanza, kwa sababu Watson, ambaye ndiye msimulizi, hakushuhudia anguko lenyewe. Aliona nyayo zinazoelekea ukingoni na zisizorudi, akaisoma barua iliyoachwa juu ya jabali, akahitimisha. Kilichofutwa mwaka 1903 ni hitimisho la Watson. Alichokiona kwa macho yake kilibaki kama kilivyokuwa. Na tazama kwamba nia ya mwandishi haihusiki hapa hata kidogo. Doyle hakuuacha mlango wazi kwa makusudi, ila maandishi yenyewe yaliuacha wazi, na msomaji hana mkataba na nia ya mwandishi bali na maandishi.

Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa mwendelezo wowote unaokana ufumbuzi uliotangulia: narudi kwenye kitabu cha kwanza, nasoma upya kurasa za ufichuzi, nikiuliza ni kipi kilichoonekana na ni kipi kilichodhaniwa. Nimefanya hivyo kwa riwaya yako, na nakuomba nawe ufanye. Pale msichana anapomkabili mwalimu katika chumba cha walimu, mwalimu hakiri popote kwamba aliwasha moto. Anasema kwamba alijua siku hiyo ingefika, na anaomba familia ya mlinzi ifikishiwe pole zake. Basi. Msichana aliyachukua maneno hayo kuwa ni ungamo, polisi wakayachukua hivyo hivyo, nasi tukawafuata. Ama kengele, ile uliyoifurahia sana, bado inafanya kazi ile ile iliyofanya mwanzo. Ilithibitisha kwamba mwalimu alidanganya, na kitabu cha pili kinakubali kwamba alidanganya: hakuwa chumbani kwake amelala, alikuwa nje gizani akimtafuta mtu aliyemwogopea. Kati ya kusema “huyu amedanganya” na kusema “huyu ndiye aliyewasha moto” kuna hatua moja ambayo msichana aliiruka, nasi tukairuka naye bila kuhisi kwamba miguu yetu imeondoka ardhini.

Kwa hiyo furaha yako haikuwa ya uongo. Sentensi ya sura ya pili iko palepale, na uliyoigundua ni kweli. Mimi, kusema wazi, niliposoma upya ule ukurasa wa chumba cha walimu nilisisimka kuliko nilivyosisimka mara ya kwanza, kwa sababu safari hii nilimwona mtu mzima akikubali kuhukumiwa huku mtoto aliyemhukumu akisimama mbele yake kwa fahari.

Sasa nije kwenye kosa ambalo hukulitaja. Umelalamika kwamba dada wa mkuu wa shule hujawahi kumwona. Kwa hakika umemwona, mara moja: katika sura ya 9 ya kitabu cha kwanza yupo mgeni mwanamke anayegawa zawadi siku ya sherehe ya shule, na mkuu wa shule anamwita kwa jina lake la kwanza. Ni sentensi mbili. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Uingereza aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya za upelelezi, alitunga kanuni 10 za uandishi huo, na ya kwanza inasema kwamba mhalifu sharti awe ametajwa mapema katika hadithi. Kwa kipimo hicho mwandishi wako amepita, ingawa kwa tundu la sindano. Lakini Knox hakuwa akiwazungumzia wasomaji wanaongoja mwaka mzima kati ya kitabu na kitabu. Dokezo lililopandwa katika kitabu cha kwanza halina budi kumwagiliwa maji katika cha pili, hata kwa nusu sentensi, la sivyo msomaji anayefika sura ya 31 anakutana na mtu ambaye kwake ni mgeni kabisa. Kutokumbuka kwako si uzembe wako.

Hata hivyo, hilo ningelisamehe. Nisiloweza kulisamehe limo katika sura ya 19. Msichana analipata daftari la wageni la langoni, analifungua kwenye tarehe ya moto, anasoma jina la mtu aliyeingia jioni ile, kisha analifunga daftari na kwenda kulala. Sisi hatuambiwi jina. Tunaambiwa tu kwamba mikono yake ilitetemeka. Kuanzia hapo hadi sura ya 31 yeye anajua na sisi hatujui, ilhali yeye ndiye msimulizi, naye anatusimulia katika nafsi ya kwanza kila ndoto anayoota, kila kikohozi cha mwenzake wa chumbani, kila wazo linalompita akiwa darasani. Kichwa ambacho tumeishi ndani yake kwa sura 18 kinafungiwa mlango kwa sababu moja tu, kwamba mwandishi alihitaji taharuki.

Kanuni nyingine ya Knox inakataza jambo hili hasa: mpelelezi haruhusiwi kupata dokezo ambalo halionyeshwi kwa msomaji papo hapo. Wala hatuhitaji padri wa mwaka 1929 kutufundisha hili, kwa kuwa kila aliyewahi kutegewa kitendawili analijua. Ukiambiwa “nyumba yangu haina mlango,” ukashindwa, ukapewa jibu kwamba ni yai, unacheka kwa sababu maneno yote uliyohitaji ulikuwa nayo: ni nyumba kweli, na haina mlango kweli. Mtegaji angekuwa amekificha kitu mfukoni na kukitoa baada ya wewe kushindwa, usingecheka, ungeondoka. Mwandishi wa fumbo anaruhusiwa kunipotosha apendavyo. Anaweza kuliweka dokezo katikati ya maneno ya mzaha, au kumpa mtu asiye na hatia sura ya mtu mwenye hatia, au kunivuruga kwa ugomvi wa marafiki katika ukurasa ule ule ambao jibu limelala. Hayo yote ni ustadi, na nikishindwa nimeshindwa kwa halali. Kunificha kile ambacho msimulizi amekiona kwa macho yake si kunipotosha, ni kuniondoa mchezoni.

Linaloniumiza ni kwamba tiba ilikuwa karibu sana. Ukurasa wa daftari ungeweza kuchapishwa wote kama ulivyo, majina 12 ya wageni wa siku ile, jina la mwanamke yule likiwa la saba, na msichana akakazia macho jina la pili kwa sababu ya chuki yake kwa mwenye jina hilo. Angekosea kwa mara nyingine, kwa kosa lile lile la kuruka hatua, na msomaji makini angeweza kumtangulia. Naamini wewe ungemtangulia. Kwa hiyo neno lako “nimeporwa” ni sahihi, ila aliyekupora hakufanya hivyo kwa kumsafisha mwalimu, amefanya hivyo kwa kulifunga daftari.

Kuhusu majonzi ya msichana, hapa sikubaliani nawe kabisa, na ningependa nieleze kwa kirefu kidogo, kwa kuwa naona hili ndilo jambo bora zaidi katika vitabu vyote viwili. Kuna mifululizo ya vijana ambayo mpelelezi wake hakui wala hachoki. Nancy Drew, ambaye vitabu vyake vilianza kutoka mwaka 1930 kwa jina la Carolyn Keene, jina lililotumiwa na waandishi kadhaa, alikuwa na miaka 16 katika vitabu vya mwanzo na miaka 18 katika matoleo yaliyosahihishwa kuanzia mwaka 1959, na hiyo miaka miwili si ya kukua kwake bali ya uamuzi wa wachapishaji. Fumbo likiisha, anaingia katika jingine akiwa mzima kama jana. Sina ubaya na vitabu vya namna hiyo, vimewafundisha wasomaji wengi kupenda kusoma. Lakini riwaya yako haikuchagua njia hiyo. Ilichagua kumwonyesha msichana wa miaka 17 anayepokea barua na kutambua kwamba kwa ushahidi wake mwenyewe, uliopigiwa makofi na shule nzima, mtu asiye na hatia amekaa gerezani mwaka mzima. Unataka alale vizuri?

Kama angeamka asubuhi ya siku ya pili na kuanza kuhoji mashahidi kwa uchangamfu ule wa kitabu cha kwanza, mimi ndiye ningekiweka kitabu chini. Kosa lake si la kitoto ambalo mtu anaombewa radhi na kusahau, na mwandishi amefanya jambo la heshima kukataa kulipunguza uzito kwa sababu tu wasomaji wake ni vijana. Tena majonzi hayo hayasimami kando ya uchunguzi kama unavyosema. Yasome tena yale matusi ya sura ya 16, pale rafiki yake anapojaribu kumwambia kwamba dirisha la mwalimu halielekei upande wa maktaba. Msichana anamkatiza na kumfokea kwa sababu hawezi kuvumilia kusikia ushahidi mwingine wa kosa lake, na kwa hasira hiyo anapoteza siku 6 ambazo yule mwanamke anazitumia kuziondoa nguo zenye harufu ya mafuta ya taa. Huzuni ndiyo inayomfumba macho. Ukiiondoa, huna fumbo la kitabu cha pili, una daftari tu.

Nakupa haki katika sehemu moja ndogo. Ndoto ya moto inarudiwa katika sura 4, karibu kwa maneno yale yale, na mhariri wake alipaswa kuacha moja na kuzifuta tatu. Pengine hizo ndizo zilizokuchosha, ukayalaumu majonzi yote kwa ajili yake.

Vikaratasi vya vitisho havinisumbui. Swali lililofunguliwa katika ukurasa wa kwanza ni kama mwalimu ana hatia au hana, na swali hilo limejibiwa. Vikaratasi vinaanza sura ya 22, ni uzi wa kitabu cha tatu, na mwandishi wa mfululizo ana ruhusa ya kuuacha uzi ukining'inia maadamu kesi aliyoifungua ameifunga.

Kuhusu nyota zako, mimi ningekipa 3. Lakini namba haiwasaidii wenzako wa klabu. Waambie kwamba kitabu kinamtendea mpelelezi wake kwa ukweli mkubwa na kinawatendea wasomaji wake dhuluma mara moja, katikati ya kitabu, na kwamba ni vema wasome tena sura tatu za mwisho za kitabu cha kwanza kabla ya kuanza. Yote hayo unaweza kuyasema bila kumtaja mwalimu wala mwanamke wa zawadi. Na cha tatu kisome. Kabla ya kukifungua, irudie sura ya 22 pale kikaratasi cha kwanza kinapopatikana chini ya mto, uhesabu ni nani walikuwemo bwenini asubuhi ile na ni nani aliyesemekana yumo lakini hakusikika akisema neno. Nina dhana yangu, nami sitaiandika hapa.

SWALI: Mhariri, mwanangu wa miaka 13 amepewa zawadi ya kitabu cha pili cha mfululizo wa upelelezi, na cha kwanza hatujakipata. Je, aanze na hicho cha pili au asubiri?

JIBU: Ndugu mzazi, inategemea mfululizo wenyewe ni wa namna gani, na unaweza kujua kwa kusoma kurasa kama 10 za mwanzo. Mwandishi Muhammed Said Abdulla alimleta mpelelezi wake, Bwana Msa, katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, kisha akamrudisha katika Kisima cha Giningi mwaka 1968, akiwa na kiko chake na rafiki yake Najum, katika kisa kipya kinachosimama peke yake. Anayeanza na cha 1968 atakosa utamu wa kumfahamu Bwana Msa tangu mwanzo, lakini hatalipoteza fumbo lolote. Mfululizo wa aina hiyo mwanao anaweza kuuingia popote.

Lakini ukikuta kwamba kurasa za mwanzo zinataja jina la mhalifu wa kitabu kilichotangulia, au mpelelezi anaanza akiwa na jeraha ambalo hatuelezwi alilipataje, kifunge na umwombe asubiri. Fumbo ambalo jibu lake limeshajulikana linaweza kusomwa kwa raha, nami husoma hivyo mara nyingi, ila raha ya kulisoma bila kujua mtu huipata mara moja tu, na mtoto wa miaka 13 anastahili kuipata nzima. Wakati akisubiri, mtafutie riwaya nyingine ya upelelezi isiyo na mwendelezo, na umpe daftari dogo aandike dhana yake kila baada ya sura tatu: nani anashukiwa, kwa sababu gani, na ni kipi alichokiona kwa hakika kikitofautiana na anachokidhani. Kitabu cha kwanza kitakapopatikana atakuwa amejiandaa kukisoma vizuri kuliko angekianza leo.